Mvua Imekunyeshea Njiani

Jumatatu tarehe 14 Septemba 1998, kabla ya saa mbili asubuhi, Liz alifungua mlango wa ofisi iliyokuwa juu ya duka la mabati mjini Homa Bay, akajua mara moja kwamba kuna mtu aliyeingia. Kiti kilikuwa kimelala chali. Droo ya meza yake ilikuwa wazi. Kompyuta ya mkononi, ile ya mradi, ilikuwa imeachwa mezani imefunuliwa, kioo chake cheusi, na kando yake palikuwa na diski yake mwenyewe, ile aliyoiandika kwa wino mwekundu: USAFI.

Alibonyeza kitufe. Mashine ilinguruma, ikaonyesha picha yake ya mawingu, na kabla haijafunguka sawasawa, ikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, ya taratibu, kama ya mtu aliyeketi mlangoni kwake akimwona mgeni anakuja. Ilitamka maneno machache kwa Kisuba. Kisha kioo kikaingia giza na mashine ikakwama hapo, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Liz aliizima, akaiwasha tena. Sauti ikasema yale yale.

Aliijua sauti hiyo. Mwenyewe aliitwa Orpah. Alikuwa amekufa maji Alhamisi kisiwani Rusinga, na kwa kuwa ndugu hawakutaka kumkawiza mtu aliyetolewa ziwani, Jumamosi walimzika.

Sajini Bhoke Mirumbe wa upelelezi alifika saa tatu na robo. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mwanamke mrefu asiyependa kuharakishwa, na kwa kweli kompyuta siyo iliyomleta. Faili ya kifo cha Orpah ilikuwa imeletwa mezani kwake kutoka Mbita, imeandikwa ajali, inangoja saini yake. Hakuwa ametia saini. Bibi aliyeishi ufukweni miaka themanini alikuwa amekufa kwenye maji yanayofika magotini, na jambo hilo lilikuwa likimkereketa.

"Nani ana ufunguo wa hapa?" aliuliza.

"Wawili tu, afande. Mimi na Mwalimu Japheth."

"Mlango haukuvunjwa."

"Haukuvunjwa. Ndiyo maana nimekuja kwenu mimi mwenyewe, kabla watu hawajaanza kunitaja."

Liz alieleza polepole, mikono ameikunja. Mradi ulikuwa wa Mwalimu Japheth Maranga. Kwa miaka mitatu alikuwa akirekodi hadithi za kale za Kisuba, na karibu zote zilitoka kwa Orpah, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Alizirekodi moja kwa moja ndani ya kompyuta kwa kipaza sauti kidogo. Liz, mtoto wa kisiwa cha Mfangano aliyelelewa na bibi yake, alikuwa akiisikiliza sauti na kuandika maneno. Mwalimu alikuwa karibu kutoa kitabu, na chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimeshamwita akafundishe.

"Iwashe nisikie," Bhoke alisema.

Sauti ilitoka, ikatulia, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia mtu akipima mabati chini. Bhoke alirudi nyuma hatua moja. Hakupenda.

"Anasema nini?"

"'Umeamkaje, mwanangu. Karibu ndani. Mvua imekunyeshea njiani.' Ni salamu tu, afande."

"Na kila ukiiwasha husalimia hivyo?"

"Haijawahi. Ilikuwa inalia kengele kama kompyuta nyingine. Hata Jumatano asubuhi ilinililia kengele. Jioni nikaifungia kwenye kabati hili. Mwalimu alikuwa ameniambia nipumzike mpaka leo, nikaenda Migori kwa shangazi. Nilirudi Ijumaa."

"Na Jumamosi?"

Liz aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na homa. Nililala chumbani kwangu. Hata mazishini sikwenda. Hakuna aliyeniona."

Bhoke aliinua diski. "Hii ni nini?"

"Programu ya kusafisha kompyuta. Inafagia takataka zinazoijaza mashine. Nilinunua Migori kwa fundi mmoja, Kerosi. Alinionya nisiiruhusu ifute kila kitu kwa mkupuo, eti inaweza kufuta hata vitu ambavyo mashine inahitaji. Nimeitumia mara moja, na kwa tahadhari. Mtu ameichukua hapa kwenye droo yangu."

Bhoke alishuka ngazi hadi kwa mlinzi, mzee Gichana, aliyekuwa amehamisha kiti chake kutoka langoni hadi ng'ambo ya barabara. Alikataa kurudi upande wa jengo.

"Mimi nilisikia yeye Jumamosi," alisema. "Saa sita mchana. Duka imefungwa, mwenyewe ni Msabato, ameenda kanisa, hakuna mtu. Jua ni kali. Nikasikia huyo mama anaongea huko juu."

"Ulimjua kwa sauti?"

"Alikuja hapa mara mingi. Alikuwa ananisalimia. Nikapanda ngazi, nikagonga. Mlango imefungwa. Anaongea, ananyamaza. Nahesabu kidogo, anaongea tena, maneno ni yale yale. Nikasikia kitu imeanguka. Afande, saa hiyo jeneza yake ilikuwa inavushwa Mbita kwenda Rusinga. Mimi nilitoka hapa nikaenda."

"Ulienda wapi?"

"Mbali."

"Hukuona mtu akiingia?"

"Kwa lango yangu, hapana. Lakini kuna ngazi ingine huko nyuma, ya kupandisha mabati." Alifikiri kidogo. "Ijumaa alikuja Cephas, kijana wa huyo mama. Alikuta ofisi imefungwa. Alisema mama yake hawezi kuzikwa na sauti yake inabaki kwa chuma ya watu. Ifutwe. Alikuwa na hasira sana."

Wakati Bhoke anapanda tena, Japheth Maranga alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, suti nyeusi, macho mekundu kama ya mtu aliyekosa usingizi siku kadhaa. Alimsalimia Bhoke kwa heshima, kisha akamtazama Liz.

"Sikuona haja ya polisi," alisema. "Huyu binti amefanya kosa kwa kutojua. Alipenda kuifagia mashine na programu zake za Migori, sasa imekufa. Sitamshtaki."

"Yeye anasema hakuifagia."

"Diski ni ya nani, Sajini?"

Liz alimgeukia Bhoke.

"Mwalimu," Bhoke alisema, "Jumamosi saa sita ulikuwa wapi?"

"Njiani kwenda mazishini. Gurudumu lilinipasukia, nikachelewa. Alhamisi na Ijumaa nilikuwa Kisumu."

"Na kompyuta?"

"Ilikuwa hapa, kabatini."

"Mara ya mwisho ulimwona Bibi Orpah lini?"

"Mwezi wa saba. Katikati ya mwezi wa saba. Nilitaka kurudi, kazi zikanibana." Alipenga kamasi. "Alikuwa kama mama kwangu."

"Hii sauti inayosalimia iliingiaje?"

Japheth aliiangalia kompyuta, si Bhoke. "Ni moja ya rekodi za zamani. Labda hiyo programu imevuruga mambo. Lakini nitakwambia ukweli, mimi mtu wa vitabu: sitaki kuigusa tena. Mzee amekufa, sauti yake inatoka yenyewe saa ya mazishi yake. Kuna vitu vya kuachwa."

"Kuna fundi Migori anaweza kuirudisha."

"Haina haja. Rekodi zote nina nakala zake nyumbani, mpaka ya mwezi wa saba. Hakuna kilichopotea."

Bhoke aliikunja kompyuta, akaitia ndani ya mfuko wa turubai wa ushahidi. Aliona mkono wa Japheth ukinyanyuka kidogo, kisha ukarudi mfukoni.

Mkuu wa kituo alitaka Liz awekwe ndani siku hiyo hiyo. Ufunguo wake, diski yake, na hana wa kumshuhudia. Bhoke aliomba siku chache. Alipewa, kwa masharti kwamba binti asitoke mjini. Kufikia jioni soko zima la Homa Bay lilikuwa na habari ya marehemu anayesalimia ndani ya chuma, na mama mwenye nyumba wa Liz akamwambia atafute chumba kwingine.

Jumanne, saa nne asubuhi, Bhoke alikuwa Rusinga. Kaburi la Orpah lilikuwa kando ya nyumba yake ya mabati, udongo wake tayari umekauka na kupasuka. Ziwa lilikuwa hatua chache tu chini, lakini halikuonekana vizuri. Magugu maji yalikuwa yameziba ghuba yote, kijani kibichi hadi mbali, na upepo ulipopita yaliinuka na kushuka pamoja kama kitu kimoja kinachopumua.

Cephas alimletea kiti. Alikuwa mkulima mnene wa mabega, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Hakukana kwamba Ijumaa alifoka.

"Nilisema, na bado nasema. Mtu akizikwa azikwe wote. Lakini Jumamosi sikutoka kwenye jeneza la mama hata dakika moja. Uliza kijiji kizima."

"Nitauliza. Nieleze Alhamisi."

"Alhamisi ilinyesha. Kuanzia alfajiri mpaka saa tano hivi. Mvua ya kwanza tangu tumalize kupanda mwezi wa tano, kwa hiyo watu walikaa ndani wakishukuru Mungu. Mimi nyumba yangu iko kule juu. Alasiri mke wangu alileta samaki, akakuta mlango wazi na mama hayupo. Tukamkuta pale." Alionyesha kwa kidevu mahali ambapo magugu yalikuwa yametoboka. "Maji yananifika hapa, afande. Magotini. Waliandika kwamba aliteleza kwa sababu ya mvua."

"Ndani ya nyumba kulikuwa na nini?"

"Vitu vyake. Vikombe viwili vya uji mezani, mke wangu aliviosha."

"Viwili."

Cephas alimtazama. Ilionekana ndiyo mara ya kwanza anavihesabu.

"Tangu mwezi wa tano," Bhoke alisema, "hakuna mvua nyingine iliyonyesha hapa? Hata ya kupita?"

"Angalia mahindi yangu, afande, yatakujibu."

Bhoke aliyatazama. Yalikuwa yamesinyaa kimo cha mtoto. Aliuliza kuhusu Japheth.

"Alikuja mazishini tukiwa tunajaza udongo. Alisema gurudumu limepasuka. Alikuwa anatetemeka kama mtu wa malaria. Watu walikuwa wanamsalimia kwa maneno ya mama, Kisuba, kama alivyofundishwa, na kila akisalimiwa anashtuka. Nikadhani ni uchungu."

Jumatano Bhoke aliibeba kompyuta hadi Migori. Kerosi alikuwa na kibanda cha ufundi si mbali na daraja, upande mmoja taipureta, upande mwingine kompyuta. Alikuwa mtu mfupi mchangamfu, lakini uchangamfu ulimwisha mashine ilipomsalimia.

"Hiyo ni nani?"

"Marehemu. Endelea na kazi. Kwanza nijibu: unamjua Liz, wa Homa Bay?"

"Mteja wangu. Alikuwa hapa wiki iliyopita, Alhamisi. Alinunua diski tupu, mvua ikawa imemzuia, akakaa hapo ulipokaa wewe karibu asubuhi yote akinicheka nikipigana na taipureta ya hospitali."

"Una hakika ni Alhamisi?"

"Wenye taipureta waliichukua siku hiyo, na walisaini."

Kerosi alifungua skrubu, akaitoa diski ngumu, ndogo kama pakiti ya sigara, akaiunganisha kwenye kompyuta yake ya mezani. Alisoma kioo mstari kwa mstari.

"Nilimwambia asiruhusu ifagie yote," alisema mwishowe.

"Siyo yeye."

"Basi ni mtu asiyeijua. Hii programu inatafuta vitu inavyodhani havitumiki. Ukiiachia, inang'oa na nguzo za nyumba. Mashine inaamka, inasalimia, halafu inatafuta kitu cha kusimamia, haikioni, inaanguka. Ukiiwasha tena, inasalimia tena. Hata ukitaka kuiondoa hiyo salamu, huwezi, kwa sababu haikufikishi mahali pa kuiondolea."

"Mlinzi alisikia ikisalimia mara nyingi."

"Basi kuna mtu alikuwa akiizima na kuiwasha, anajaribu kuinyamazisha." Kerosi alijikuna shingo. "Mimi ningetoka mbio."

"Inaweza kutuambia ni siku gani haya yalifanyika?"

"Hapana. Betri ya saa yake imekufa zamani. Kwake yeye kila siku ni mwaka wa themanini."

Bhoke aliguna. Alikuwa ametegemea hapo. "Rekodi zimefagiwa pia?"

"Fagio haligusi sauti. Zipo zote." Alishuka na kidole kwenye kioo, kisha kidole kikasimama. "Ila moja, ya mwisho kabisa kwenye orodha. Hii imefutwa na mkono wa mtu, peke yake. Unaona? Faili ikifutwa, mashine haiitupi. Inaifuta herufi ya kwanza ya jina tu, kisha inasema nafasi hii iko wazi, mwenye kutaka aandike juu yake. Hii, jina limebaki RPAH."

"Na kuna kitu kimeandikwa juu yake?"

"Kidogo. Kama mashine ingeendelea kutumika siku mbili tatu, ingekwisha kabisa. Lakini ilikwama pale pale. Aliyelifungua fagio ndiye aliyeihifadhi." Aliweka vidole kwenye vitufe. "Nipe herufi."

"O," Bhoke alisema.

Kerosi aliiandika. Faili ikarudi kwenye orodha kama ambayo haikuwahi kutoka.

Walisikiliza milango ya kibanda ikiwa imefungwa. Kwanza ulikuwa mvumo, kisha mvumo ukawa mvua, mvua nzito juu ya mabati, ikimiminika ndani ya kibanda kikavu cha Migori hadi Kerosi akatazama paa. Ndani ya mvua, sauti ya Orpah ilikuwa ikisimulia. Mara ikakatika, ikawa kelele kama ya mchanga unaomwagwa, ikarudi. Alikuwa akicheka. Kisha mwanamume akauliza kitu kwa Kisuba, polepole, kwa lafudhi ya mtu aliyekisoma ukubwani.

Bhoke hakuelewa neno hata moja. Hakuhitaji. Sauti hiyo alikuwa ameisikia Jumatatu ikipenga kamasi.

Alhamisi, saa kumi alasiri, aliwaita wote ofisini Homa Bay: Japheth, Liz na Cephas. Kerosi alikuja na mashine, akiwa ameirudishia nguzo zake. Konstebo alisimama kwenye ngazi ya nyuma.

"Mwalimu ana habari njema," Bhoke alisema. "Kompyuta yake imepona. Washa, fundi."

Orpah alisalimia. Safari hii kioo kilifunguka vizuri, chenye mwanga. Cephas alishika ukingo wa meza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia.

"Cephas, mama anasema nini?"

"Anamkaribisha mtu. Anasema mvua imemnyeshea njiani."

"Mwalimu, mvua hiyo ilikunyeshea lini?"

"Nimekwambia ni rekodi ya zamani. Mwaka jana, mwaka juzi. Wakati wa El Nino ilinyesha kila siku."

"Sawa. Lakini iliwekwa kuwa salamu ya mashine baada ya Jumatano ya wiki jana, kwa sababu Jumatano ilikuwa inalia kengele. Na Jumamosi mchana mlinzi aliisikia. Kati ya siku hizo, wenye ufunguo ni wawili. Liz Alhamisi alikuwa Migori, ndani ya kibanda cha huyu bwana. Basi nani aliiweka?"

"Liz angeweza kuiweka Ijumaa."

"Angeweza," Bhoke alikubali. "Hivyo nikatafuta kwingine. Fundi."

Mvua ilianza. Ilijaza chumba. Nje, kupitia dirishani, jua la Homa Bay lilikuwa likiwaka juu ya mabati yaliyopangwa uani. Japheth alisimama, akaona konstebo amehamia mlangoni, akakaa.

"Rekodi hii ndiyo ya mwisho, baada ya ile ya mwezi wa saba, na tangu mwezi wa tano," Bhoke alisema, "Rusinga imepata mvua siku moja. Cephas, tafsiri, tafadhali. Ukishindwa, tutapumzika."

Cephas alitafsiri akiwa amefumba macho, sentensi moja nyuma ya mama yake.

"Anasimulia juu ya mwanamke aliyetembea chini ya ziwa kumtafuta mumewe... Anafika kwenye jiwe... Sasa ameacha. Anacheka. Anasema, mwanangu, nimechoka kukudanganya. Anasema hizi hadithi si za kale. Mama yake aliuza samaki, hakuwa na hadithi hata moja. Anasema..." Alinyamaza, mashine ikampita, akaikimbilia. "Anasema, uliponijia mara ya kwanza nilikuwa na mbili tu. Zikaisha. Nikaona zikiisha hutarudi. Watoto wa watoto wangu wako Nairobi, Cephas ana shamba lake. Wewe ulikuwa unakaa, unanisikiliza siku nzima. Kwa hiyo usiku nilikuwa natunga nyingine, nikikungoja."

Kelele ya mchanga ilipita. Liz alikuwa analia bila sauti.

"Mwanamume anauliza," Cephas aliendelea, na hakumtazama Japheth, "nani mwingine anajua. Mama anasema, yule binti wa Mfangano ni mwerevu, aliniuliza, nikamwambia nitamweleza akija. Mwanamume anasema usimwambie. Mama anasema, mbona, mwanangu, ni ubaya gani? Mwanamume anasema..."

"Inatosha," Japheth alisema.

Kerosi aliizima. Mvua ikakatika mara moja.

"Nilimwomba," Japheth alisema. Alikuwa akizungumza na meza. "Miaka mitatu. Nimesimama mbele ya maprofesa nikasema hizi ni hadithi za miaka mia tano. Kitabu kiko kwa wachapishaji. Nilimwomba anyamaze, akashangaa, kama mtoto. Hakuelewa hata kidogo kwamba ameniua. Asubuhi ile alikuwa ameniomba nimwekee salamu yake, mashine iwe inamsalimia kila anayeifungua. Nikamwekea. Tulicheka. Halafu akanimwagia hayo."

"Kisha?"

"Mvua ilianza kupungua. Akashuka ziwani kuosha vyungu. Nikamfuata, bado namwomba. Nilimshika mkono, akautoa. Nikamsukuma. Sikumsukuma kwa nguvu, Sajini. Alianguka kwenye magugu, uso chini, akawa anatafuta pa kushika, na hayo magugu hayashikiki."

"Maji yanafika magotini."

"Najua."

"Ungemwinua kwa mkono mmoja."

"Najua. Nilisimama." Alipangusa midomo. "Nilikuwa nawaza kwamba akiinuka atamwambia Liz."

Cephas alitoka nje. Walimsikia akishuka ngazi, akisimama katikati, asiendelee.

Bhoke alimalizia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwa ajili ya karatasi atakayoiandika. Jumatano usiku Japheth aliitoa kompyuta kabatini, akaenda nayo Rusinga, na usiku wa Alhamisi akaifuta rekodi. Ijumaa alikaa nayo, akikumbuka Liz aliwahi kumwambia kwamba kilichofutwa huweza kurudishwa, na kwamba ile programu yake ya usafi haiachi masazo. Jumamosi, mji ukiwa mtupu, alipanda nayo kwa ngazi ya nyuma, akaitoa diski ya Liz kwenye droo, akaiachia mashine ifagie kila kitu. Ilipozimika na kuwaka tena, Orpah alimkaribisha. Alipoizima na kuiwasha, Orpah alimkaribisha tena. Akapindua kiti, akakimbilia mazishini. Liz alibaki na diski yake mezani kama kidole kinachomwonyesha.

"Nilijua ni mimi niliyeiweka salamu ile," Japheth alisema. "Kwa mikono yangu. Lakini pale nilikuwa nasikia kwamba ananijibu."

Walipompeleka Rusinga kuonyesha mahali, Ijumaa asubuhi, alikaa nyuma ya Landrova kati ya konstebo wawili, pingu mapajani. Barabara ilikuwa na vumbi jingi, wakafunga vioo. Upande wa kulia ziwa lilikuwa likionekana na kupotea, kijani, bila wimbi hata moja.

"Sajini," aliita kutoka nyuma.

Bhoke hakugeuka. "Sema."

"Yule mwanamke wa hadithi. Aliyetembea chini ya ziwa."

"Nimemsikia."

"Alikuwa amefika kwenye jiwe. Lile jiwe lina mlango, na kuna mtu upande wa pili anagonga. Hapo ndipo alipoacha akaanza kuniambia mengine. Alisema atanimalizia baadaye." Alisubiri. Sauti yake ilikuwa imegeuka, ikawa ya mtu anayeuliza njia katika nchi ya kigeni. "Kwenye simu ya kituo nilimuuliza Liz kama alimwambia mwisho wake. Hajui. Nimejaribu kuutunga mwenyewe usiku kucha, siwezi. Huyo anayegonga ni nani?"

Konstebo mmoja alitazama nje.

"Aliyekuwa anajua ulimwacha kwenye magugu," Bhoke alisema, akamwambia dereva aongeze mwendo.